Mita Sita Nukta Moja

Calderby, Lancashire
14 Oktoba 2018

Dada Resham,

Amani iwe hapo Chak Sagri, kwako na kwa mwanao Nazakat, mkewe na watoto. Sisi huku tupo. Nasreen alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa nane, na sasa anapanda ngazi mwenyewe, analalamika kwa nguvu zilezile za zamani. Adil wangu kapata mtoto wa pili, wa kike, kilo tatu na gramu mia mbili. Jina bado wanabishana. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu naijua simu ya nyumba yenu: Nazakat anaiweka mezani kwa sauti ya juu, na kabla sijamaliza salamu nusu ya kijiji imeshatoa maoni.

Sasa shauri lenyewe. Serikali ya hapa imepanua sheria ya leseni. Ukipangisha nyumba kwa watu watano au zaidi ambao si familia moja, lazima uwe na leseni ya halmashauri. Zamani ilikuwa kwa zile nyumba ndefu za sakafu tatu peke yake, na zangu zina mbili, kwa hiyo nilikuwa nawatazama wenzangu wakihangaika huku nakunywa chai. Kuanzia tarehe mosi mwezi huu zimeingia na zangu.

Leseni ni pauni mia tisa na themanini, nyumba moja, miaka mitano. Kabla ya kukupa wanachunguza kama wewe ni mtu anayefaa. Umewahi kufungwa? Umewahi kumtapeli mpangaji? Nipo nchi hii mwaka wa thelathini na saba. Usiku nimekanda mikate kiwandani, mchana nimepiga lipu nyumba za watu, kodi ya mapato nimelipa hata mwaka niliopata hasara, na leo kijana aliyezaliwa nikiwa tayari na nyumba mbili ananiuliza kwa maandishi kama nafaa. Halafu wanataka milango sita ya kuzuia moto, kengele za moshi zilizofungwa kwenye umeme, cheti cha gesi kila mwaka, cha umeme kila mwaka wa tano. Haya yote nitayafanya. Nimezoea kulipa kwanza na kukasirika baadaye.

Lililonishinda ni kipimo. Chumba cha mtu mzima mmoja kulala kisipungue mita za mraba sita nukta tano moja. Kile chumba cha juu ya mlango, nyumba namba 31 Mtaa wa Garnet, yenye wapangaji watano, nimekipima mara tatu. Ni sita nukta moja.

Unajua nani analala humo. Hupendi atajwe, na mimi miaka yote nimekutii, ila leo nitamtaja kwa sababu halmashauri haikubali nafasi iliyoachwa wazi. Ni shemeji Walayat, mumeo. Ana miaka sabini na saba. Amelala katika chumba hicho tangu mwaka 1994, na sheria inasema asilale tena. Nikikaidi, faini inaweza kufika pauni elfu thelathini.

Kwangu hawezi kuhamia. Nilimwambia, akanitazama kama nimemtukana. Mwanamume kula na kulala kwa kaka wa mkewe unajua inavyosemwa. Ndiyo maana kila Ijumaa baada ya swala ananiletea kodi mkononi, ndogo kuliko ya mpangaji mwingine yeyote, nami naihesabu mbele yake ili asidhani namhurumia.

Nimeanza kwa kukuuliza wewe. Nifanye nini?

Mdogo wako,
Karamat


Chak Sagri, karibu na Dadyal
9 Desemba 2018

Karamat,

Barua imefika. Nazakat aliuliza ya nini, nikamwambia ni maelekezo ya dawa, akapoteza hamu.

Tunashukuru, tuko salama. Ngano tumeshapanda. Nyati wetu mkubwa wa maziwa amekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa mimi, kwa hiyo siwezi kuugua. Maji ya ziwa yameanza kushuka, kufikia mwezi wa pili huenda kuta za kijiji cha zamani, kile kilichozamishwa na bwawa, zikaonekana tena, na watu watatoka mjini na magari yao kuja kupiga picha makaburi ya babu zetu. Mwambie Nasreen apakae mafuta ya haradali kwenye goti, ya moto kidogo. Mtoto wa Adil mpeni jina la mtu. Yule wa kwanza mlimpa jina kama la sabuni.

Milango nunua ya mbao nzito, usidanganywe na rangi.

Kuhusu kipimo cha vyumba sina la kusema, mimi si fundi. Umeuliza ufanye nini. Mwaka alipoingia humo hukuniuliza.

Dada yako,
Resham


Calderby
27 Januari 2019

Dada Resham,

Heri ziwafikie wote, na nyati wako pia. Mtoto ameitwa Hajra, natumaini hilo limekuridhisha. Nasreen amejipaka mafuta ya haradali, nyumba nzima inanuka achari, na goti anasema limepungua maumivu. Theluji ilianguka siku mbili, nikateleza mbele ya duka la nyama, sikuvunjika.

Mkaguzi wa halmashauri alikuja. Ni mama mmoja anaitwa Bi Holroyd, mfupi, viatu vya matope, na ana kifaa kinachotoa alama nyekundu ukutani kikasoma kipimo chenyewe. Alikuwa na adabu. Nilitaka awe mkorofi, ingenirahisishia.

Tulipofika juu shemeji alikuwa amekaa kitandani kavaa koti na tai, kama anayesubiri kuitwa mahakamani. Bi Holroyd akapima. Sita nukta moja. Nikamwambia apime tena. Sita nukta moja.

Shemeji akamwambia, "Mama, mimi humu nalala tu. Sichezi mpira."

Bi Holroyd akacheka, kisha akajizuia. "Naelewa, Bwana Walayat. Lakini sheria haiulizi unafanya nini."

"Basi iulize. Mimi nipo."

Nikaingilia kati. Ule ukuta unaokigawa chumba chake na cha Dusan, kijana wa Kislovakia anayeoka mikate, niliujenga mimi. Kilikuwa chumba kimoja kikubwa cha mbele. Nikamwambia Bi Holroyd nitausogeza. Chumba cha Dusan ni sita nukta tisa, cha shemeji sita nukta moja, jumla kumi na tatu. Sheria inataka vyumba viwili vya sita nukta tano moja, yaani kumi na tatu nukta sifuri mbili. Unaona, dada? Nimepungukiwa na eneo la kisosi cha chai. Sifananishi tu. Niliporudi nyumbani nilichukua kisosi cha Nasreen nikakipigia hesabu, ni sawasawa.

"Basi nitaufanya mwembamba," nikasema.

"Huo ukuta unatakiwa uwe mnene zaidi, Bwana Hussain. Kwa ajili ya moto."

Mimi ndiye niliyeupiga jipsamu upande mmoja tu, mwaka ule jipsamu ilikuwa ghali.

Akaandika maelezo yake. Alipokuwa anatoka akaona yale masanduku ya safari. Yako manne, yamepangwa ukutani kutoka sakafuni hadi dirishani, yanakula theluthi ya chumba. Akauliza kwa upole, "Unasafiri, mzee?"

"Naam."

"Lini?"

"Yakijaa."

Bi Holroyd akanitazama mimi. Mimi nikatazama dirisha. Dada, hayo masanduku yalikuwepo kabla Adil hajazaliwa.

Wametupa muda hadi mwisho wa Septemba. Baada ya hapo chumba hakilaliwi. Bi Holroyd alisema halmashauri ina nyumba za wazee, na ikapatikana moja. Nilimpeleka shemeji kuiona. Safi, ina joto, mita ishirini na nne, bafu lake mwenyewe lenye vyuma vya kushikilia. Akakaa kitini muda mrefu akisikiliza.

"Huku hakuna anayekohoa," akasema. Tukarudi.

Imebaki njia moja na wewe unaijua. Nyumba unayoishi aliijenga yeye kwa mshahara wa kiwanda cha nguo, vyumba saba, na hajawahi kulala ndani yake mwezi mzima. Chumba kidogo kuliko vyote hapo kinaweza kumeza hiki chake mara tatu. Pensheni itamfuata, ila haitaongezwa tena. Nakuuliza mara ya pili.

Mdogo wako,
Karamat


Chak Sagri
17 Machi 2019

Karamat,

Barua hii imechelewa. Mpakani kulichafuka, ndege zikasimama, na mimi pia nilichelewa.

Wote wazima. Mke wa Nazakat ana mimba ya tano na hasira za mimba ya kwanza. Kuta za kijiji cha zamani zimetoka majini. Nilishuka kuziona. Kizingiti cha mama bado kipo, mtu kakalia anauza soda. Hajra ni jina zuri.

Sasa nitasema na wewe kidogo, usinikatize.

Mimi sijamfukuza mtu. Mara ya mwisho alikuja mwaka 1988, kiwanda kilipofungwa, na mkoba mmoja. Watu walikuwa wamejaa getini kama kawaida yao kuangalia mzigo wa zawadi. Kaka yake Sarwar, Mungu amrehemu, akamuuliza mbele ya wote, "Huu wa mkononi, na ule mwingine uko nyuma?" Wakacheka. Aliondoka kabla ya wiki mbili. Hakunipiga, hakunitukana, hakuniacha, aliondoka tu. Hela ilikuja kila mwezi kupitia kwako, kwa jina lako, kama mshahara wa mtumishi. Mimi kwenda huko sikuitwa. Na yeye kurudi hakuzuiwa. Kwa hiyo hilo la "njia moja na wewe unaijua" usiniandikie tena.

Mnachangia kila mwaka ile kamati ya mazishi, siyo? Kila mwaka nasikia fulani kaletwa kutoka Bradford, fulani kaletwa kutoka Luton, ndege imelipiwa, kila kitu kimelipiwa. Njia hiyo ipo, na haidai masanduku. Ningekuwa mtu wa kungoja jeneza ningeshaacha kufagia ua wa mbele zamani.

Masanduku yana nini ndani?

Halafu jambo lingine. Nimeisoma barua yako ya kwanza tena. Umeandika leseni ni kwa nyumba yenye watu watano au zaidi. Hapo kwako wako watano, pamoja na yeye. Je, wakiwa wanne? Akiondoka mwingine yeyote, huyo mwoka mikate kwa mfano, leseni inahitajika? Na kama haihitajiki, nani atakuja kupima?

Mimi si fundi. Nauliza tu.

Resham


Calderby
21 Aprili 2019

Dada Resham,

Salamu, na pole na kazi za nyumba yenye mimba. Huku majani yametoka. Nasreen anatembea hadi sokoni bila fimbo. Hajra ana meno mawili.

Umenishika. Wakiwa wanne leseni haihitajiki, na kile kipimo ni cha nyumba za leseni. Nikimtoa Dusan, shemeji anabaki katika sita nukta moja yake mpaka Mungu atakapomwita, na hakuna wa kuja na alama nyekundu. Nililijua hilo tangu mwezi wa kumi. Sikukuandikia.

Najua ulichofikiri. Dusan analipa mara tatu ya anacholipa shemeji, kwa hiyo Karamat amepiga hesabu na kumtoa mzee. Ni kweli niliipiga. Mimi kila kitu nakipigia hesabu, ndiyo maana nina nyumba na si deni. Lakini tofauti yenyewe kwa mwaka haifiki gharama ya ile milango sita, na milango nimeshanunua. Kama ni pesa, ningemtoa Dusan na kurudisha milango dukani.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa shemeji. Nilikaa kwenye sanduku, maana kiti hakuna. Nikamweleza yote mawili: wakiwa watano anatoka, wakiwa wanne anabaki, na kwamba mimi niko tayari kwa lolote. Nilitegemea afurahi.

Akauliza, "Hiyo barua ya halmashauri ina muhuri?"

"Ina."

"Jina langu limo?"

"Halimo. Chumba kimo."

"Inasema nisilale humo?"

"Inasema mtu asilale humo."

Kule kwa Dusan redio ilikuwa inaimba. Kisha akasema, "Hii ya wanne umemwambia nani?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu."

"Kwa nini, shemeji? Si ndiyo inayokuokoa?"

"Karamat, wewe ni mjinga wa vitu vyote visivyo na bei." Alisema hivyo hivyo, mimi ninayempangisha. "Mtu akirudi mwenyewe anaulizwa kaleta nini. Mtu aliyetolewa na serikali haulizwi masanduku."

Dada, niliinuka kwenye sanduku hilo nikampa mkono.

Nilimwahidi sitamwambia mtu. Wewe uliijua kabla sijaahidi, kwa hiyo ahadi nimeitunza.

Umeuliza yana nini. Alinifungulia mawili. Shali za sufu za wanawake ambao nusu yao wamekufa. Saa za mkononi za kutia ufunguo. Viatu vya watoto, jozi nyingi, na hao watoto leo wana ndevu. Birika la umeme ambalo plagi yake haitengenezwi tena. Kila alipokaribia kujaza mtu mwingine alizaliwa kwenu, akaanza upya. La tatu na la nne hakufungua. Akasema hayo si ya getini. Sikumuuliza ni ya nani, na wewe usiniulize.

Nilisimuliwa zamani kwamba siku ile ya 1988 walicheka wote. Na hilo pia sikuulizi.

Karamat


Chak Sagri
12 Mei 2019

Karamat,

Ramadhani njema kwenu. Huku joto, funga ni ndefu, na mke wa Nazakat kajifungua mvulana kabla ya wakati. Mdogo lakini ana sauti ya mpiga mnada.

Nitaandika kwa mpangilio ili usipotee.

Aje kabla ya Idi ya kuchinja. Baada ya hapo barabara hujaa wageni wa kutoka kwenu na watu watalinganisha mizigo.

Yale mawili aliyokufungulia ayaache huko. Mpe yeyote, mpe msikiti. Sitaki saa za ufunguo za wafu nyumbani kwangu. Mengine mawili ni yake, afanye atakavyo.

Asinipigie simu. Wewe usimwambie kwamba najua ile ya watu wanne. Akijua najua, hatapanda ndege. Mimi nitasema serikali imemtoa. Nimeshaanza kusema. Nilimwambia mke wa jirani juzi kisimani kwa sauti ya chini na nikamwomba asiseme, kwa hiyo kufikia Ijumaa watakuwa wanajua hadi Kotli.

Ile barua yenye muhuri aje nayo mfukoni, asiiweke kwenye mzigo. Huku watu hawasomi Kiingereza, wanasoma mihuri.

Vyumba viko saba na hakuna anayevipima. Lakini usimwahidi kwamba nimelainika. Mwambie tu nyumba ipo.

Resham


Calderby
14 Julai 2019

Dada Resham,

Hongera ya mvulana. Nasreen ametuma nguo za mtoto kwa mtu anayekuja Mirpur. Sisi wazima, joto la huku mwaka huu limekuwa kama la huko, watu wanaanguka kwenye mabasi.

Amepata tiketi ya tarehe mbili Agosti, Manchester hadi Islamabad. Kitambulisho chake kilikuwa kimekufa miaka kumi na moja. Nilimpeleka ubalozi mdogo mara tatu, mara ya tatu wakakubali kwamba yeye ni yeye.

Sheria inataka nimpe notisi ya miezi miwili kwa maandishi, nikaandika. Aliisoma akanirudishia. "Laini mno," akasema. "Hii inaonekana kama tumekubaliana. Andika 'kwa amri'." Nikaandika kwa amri. Akaomba niongeze sahihi ya shahidi. Dusan akatia. Tangu hapo anatembea nayo mtaani akiwaonyesha wazee wenzake pale kwa kinyozi, nao wanampa pole, na kila anayempa pole anampa na kitu cha kula njiani. Sijawahi kumwona amenyooka mgongo namna hiyo. Mimi nimekuwa mbaya wa Calderby. Mtu mmoja hakunijibu salamu msikitini, nami niliwahi kumwazima mashine ya kuchanganyia saruji.

Akiondoka wanabaki wanne, kwa hiyo nimeandika kuondoa maombi ya leseni. Wamejibu kwamba ada ya ukaguzi hairudishwi. Milango nayo dukani wamekataa kuipokea kwa sababu nimeshaitoboa kwa ajili ya bawaba. Hesabu yote ikifungwa mimi ndiye niliyelipa. Nalitaja tu.

Masanduku mawili yamekwenda msikitini, wakayauza kwa mnada, birika likanunuliwa na mtu anayekusanya vitu vya zamani. La tatu na la nne alikaa nayo usiku mmoja. Asubuhi nikakuta yako uani, matupu, yamefunguliwa yapate hewa. Vilivyokuwa ndani sijui kaviweka wapi. Mkoba wake wa mkononi ni mzito kuliko unavyoonekana.

Dusan anataka nivunje ukuta, chumba kizima kiwe chake kwa kodi ileile. Nimemwambia tutaongea.

Nitamsindikiza uwanjani mwenyewe. Ukimwona, niandikie. Usipige simu.

Karamat


Chak Sagri
8 Septemba 2019

Karamat,

Idi imepita, nyama yako tuliigawa kwa majina uliyotuma. Mtoto wa Nazakat sasa analingana na wenzake. Ziwa limejaa hadi kwenye mipera ya Fazal Dad. Mahindi yako karibu. Nyati amekubali kukamuliwa na mtu wa pili, nikwambie hilo kwanza kwa sababu halikutarajiwa.

Ulisema nikuandikie, nimechelewa kwa sababu nyumba ina wageni tangu tarehe tatu ya mwezi uliopita.

Nazakat alimleta na gari adhuhuri. Getini palijaa, wakubwa kwa watoto, kama siku zote. Mimi nilikuwa ndani ya ua, nyuma ya nguzo ya jiko, naona tairi la gari na migongo ya watu. Nazakat akafungua buti. Fimbo, na mkoba wa mkononi. Akalifunga.

Pakawa kimya. Karamat, kimya hicho nakijua, nilikisikia mara moja kabla ya hapo.

Fazal Dad, yule ambaye wanawe wote wako Bradford, akakohoa. "Mzigo umekwama uwanjani, Kaka Walayat?"

Yeye akaingiza mkono kotini, koti la sufu mwezi wa nane, akatoa ile barua, akaikunjua, akampa. Fazal Dad akaigeuza mpaka akaona muhuri.

"Serikali imenitoa," akasema.

"Imekutoa wapi?"

"Chumbani kwangu. Wamekuja na mashine wakapima, wakasema kimepungua."

"Kimepungua nini?"

"Kisosi."

Watu wakatazamana. Halafu mzee mmoja nyuma, sikumwona ni nani, akasema kwa sauti ya kuchoka, "Na sisi wakati wa bwawa walikuja na tepu." Basi ikawa hiyo. Kila mmoja akakumbuka baba yake alivyopimiwa fidia, zizi likahesabiwa na jiko likaachwa, mti wa tunda ukaandikwa kichaka. Wakamshika mkono wakamwingiza ndani wakimpa pole kama aliyefiwa. Hakuna aliyeutazama mkoba. Aliponipita akasema salaam aleikum akitazama chini, nikaitikia nikitazama chini. Hayo ndiyo tuliyoongea siku ya kwanza.

Nyumba ina vyumba saba. Analala chumba gani, hiyo si habari ya kumwandikia mdogo wangu wa kiume. Wala mkoba ulikuwa na nini.

Kila jioni wanakuja kukaa uani kwenye vitanda vya kamba ili awasimulie. Wiki ya kwanza chumba kilikuwa mita sita. Wiki ya pili kikawa mita tano. Sasa kiko nne, na Bi Holroyd wako amekuja na polisi. Wewe mwenyewe umo, unasimama mlangoni unalia na huna la kufanya, kwa hiyo ukija usijitetee.

Juzi walikuwa wamechemka kweli. Fazal Dad alisema atawaambia wanawe wamwandikie mbunge. Mwingine akasema Waingereza hawajui mzee ni nini. Yeye amekaa katikati yao, fimbo magotini, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayejitahidi kusamehe. Nilikuwa namimina chai. Fazal Dad akanigeukia.

"Na wewe Resham, mbona kimya? Wamemtupa mumeo barabarani. Husemi kitu?"

Akainua macho akanitazama. Ni mara ya kwanza alinitazama sawasawa.

Nikasema hawa watu hawana huruma hata kidogo, Mungu atawauliza. Kisha nikaenda jikoni kuongeza maziwa, maana wengine walikuwa bado wanaingia.

Dada yako,
Resham